Magugu kwenye majaluba: kabla ya kwenda duka la pembejeo, ling'oe gugu uliangalie

Mwangaluka wadau.

Ndugu yetu wa Magu ameuliza swali ambalo wengi tunalo msimu huu. Ana ekari nne za mpunga wa mbegu ya SARO 5 kwenye majaluba, yaani vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo za kushikilia maji. Miche aliipandikiza ikiwa na wiki nne, na sasa ina wiki tatu tangu iingie shambani. Palizi ya kwanza imechelewa kwa sababu vibarua wamepanda bei na wengi wako kwenye pamba. Muuza duka kamshauri achukue dawa ya magugu ya 2,4-D, eti inaua magugu yote na mpunga inauacha. Jirani yake wa upande wa juu ana pamba. Anauliza apige au aache, na akiacha atumie nini.

Jibu langu: 2,4-D usipige. Nitaeleza sababu, halafu nitasema ningefanya nini kama shamba hilo lingekuwa langu. Nalima mpunga kwenye mbuga za Misungwi, na dawa za magugu nazitumia kila msimu. Sizipingi hata kidogo. Bila dawa, kwa bei ya vibarua ya sasa, ekari nyingi tungeziachia ndago.

Kwanza pamba. Katika mazao yote ninayoyajua hakuna linaloumizwa na 2,4-D haraka kama pamba. Haihitaji kumwagiwa. Matone madogo yanayobebwa na upepo yanatosha. Utaona majani machanga yanajikunja na kuwa membamba, mishipa imesogeleana, kisha vitumba vinapukutika. Na kuna 2,4-D za aina mbili: ya amini na ya esta. Ya esta ni mbaya zaidi kwa sababu jua likipanda inageuka mvuke na kutembea hata baada ya wewe kumaliza kupiga na kurudi nyumbani. Sisi wa ukanda wa ziwa upepo wetu unafahamika: mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, na kuanzia saa tano hivi unazidi nguvu. Sasa piga hesabu jirani yako yuko upande gani. Nyanya, tikiti, kunde, choroko na mapapai navyo havistahimili. Kesi za namna hii nimeshuhudia zikiamuliwa kwa mtendaji wa kijiji, na hakuna aliyetoka pale ameridhika, kwa sababu pamba ikishapoteza vitumba Februari hakuna fidia inayorudisha msimu.

Sababu ya pili ni umri wa mpunga wako, na hili muuza duka hakukuuliza. 2,4-D ina dirisha lake. Ukiipiga mapema, mche haujatoa machipukizi ya kutosha, unadumaa. Ukiipiga mpunga ukishaanza kutengeneza suke ndani ya shina, suke linatoka limepinda na punje nyingi ni pepe. SARO 5 inakomaa kwa siku kama 120 tangu kusia. Kuanzia suke linapoanza kuumbika hadi kuchanua ni siku kama 35, na kutoka kuchanua hadi kukomaa ni kama 30. Toa 65 kwenye 120, unabaki na 55. Yaani kwenye siku ya 55 hivi tangu usie mbegu kitaluni, suke limeshaanza. Miche yako iliingia shambani na wiki nne, imekaa wiki tatu, hiyo ni siku 49. Dirisha linafungwa wiki hii. Kupandikizwa huwa kunachelewesha mpunga siku chache, lakini usilime kwa kutegemea siku hizo chache. Mwenye mbegu ya Supa ana nafasi kubwa zaidi kwa sababu Supa inakaa muda mrefu shambani. Ushauri wa mwenye Supa usiuhamishie kwenye SARO 5.

Ukitaka uhakika, usitegemee kalenda peke yake. Ng'oa mashina makubwa matatu manne kutoka sehemu tofauti za jaluba, si ya pembeni. Osha tope, chukua wembe, pasua shina kuu kwa urefu kuanzia kwenye mizizi kwenda juu. Angalia juu ya kifundo cha mwisho. Kama suke limeanza utaona kincha kidogo cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita moja au mbili, kimekaa katikati ya shina. Ukikiona hicho, dawa yoyote yenye 2,4-D ndani yake isikanyage shamba lako. Nasema "ndani yake" kwa sababu ziko dawa za mpunga ambazo propanili, dawa nyingine ya magugu, na 2,4-D zimechanganywa kwenye chupa moja, na jina kubwa mbele ya chupa halikuambii. Geuza chupa, soma maandishi madogo ya viambato.

Sasa tuje kwenye gugu lenyewe, maana ndugu yangu umeandika tu "magugu mengi sana". Hapo ndipo fedha za wakulima wengi zinapotelea. Dawa hainunuliwi kwa ajili ya "magugu". Inanunuliwa kwa ajili ya gugu fulani la umri fulani. 2,4-D aliyokuambia muuza duka haigusi magugu jamii ya nyasi. Inaua yenye majani mapana kama kongwe, na baadhi ya jamii ya ndago. Kama shamba lako limejaa nyasi, ungemaliza chupa, ungeumiza pamba ya mwenzako, na nyasi zingebaki zimesimama pale pale zikinywa urea yako.

Ingia shambani asubuhi, ng'oa. Shika shina, lizungushe kati ya vidole viwili. Kama lina pembe tatu na halizunguki vizuri, hiyo ni jamii ya ndago. Kama ni la mviringo na lina vifundo, ni nyasi. Tatizo ni kwamba nyasi ndogo za mpunga zinafanana na mpunga kiasi kwamba kibarua mgeni anang'oa mpunga na kuacha gugu. Njia ya kutofautisha ni hii: vuta jani taratibu pale linapoungana na shina. Mpunga una utando mweupe mwembamba umesimama pale kwenye kiungio, na pembeni una vijisikio viwili vyenye nywele. Nyasi ile kubwa inayosumbua majaluba yetu haina utando wala vijisikio, kiungio chake ni kitupu kabisa. Mfundishe hivyo kila anayeingia kupalilia shamba lako, hata mtoto. Inachukua dakika moja.

Ukikuta mmea unafanana na mpunga, una utando, tena mrefu kuliko wa mpunga wako, na ukiung'oa chini unakuta mizizi minene inatambaa ardhini, huo ni mpunga pori wa kudumu. Kuna mwingine wa msimu mmoja, hauna mizizi ya kutambaa, ila punje zake zinapukutika kabla hujavuna na zinakusubiri mwakani. Hapa nazungumza kwa uchungu kwa sababu nimeona majaluba mazuri yakiachwa kwa ajili ya mpunga pori. Ni ndugu wa karibu wa mpunga wetu, na dawa inayochagua haitauona tofauti. Muuzaji yeyote akikuambia ana dawa ya kupiga juu ya SARO 5 ikaua mpunga pori na kuacha wako, muage. Ule wa kudumu unauliwa kabla ya kupanda, kwa glaifosati, dawa isiyochagua mmea, ukiwa kijani na unakua vizuri, au kwa kulima kiangazi mizizi ikaanikwa juani. Wa msimu unang'olewa kwa mkono kabla ya kupukutisha. Na mbegu yako itoke mahali safi, kwa sababu mara nyingi mpunga pori unaingia shambani ndani ya mfuko wa mbegu ya jirani.

Basi ningefanya nini kwenye ekari zako nne?

Ningezigawa. Jaluba hadi jaluba hali haifanani. Penye nyasi ambazo zimeshapita majani manne na zimeanza kuchipua, dawa zinazouzwa kwa nyasi za mpunga, kama bispiribaki, zitazidumaza tu. Zinaugua, zinakuwa njano, baada ya wiki mbili zinaamka. Hapo vibarua wachache uliowapata wapeleke, wang'oe kwa mkono. Penye nyasi bado ndogo, za majani mawili hadi manne, bispiribaki inafanya kazi nzuri, na inachukua pia sehemu ya ndago na majani mapana. Penye ndago na majani mapana matupu, ukiipata bentazoni, itumie. Mpunga unaivumilia vizuri, na haigeuki mvuke kama ile esta. Ikirukia pamba itababua majani ilipogusa, kwa hiyo tahadhari ya upepo ibaki palepale, lakini haisafiri ndani ya mmea wote. Ndago yenye viazi chini itaungua juu na kuchipua tena. Utakuwa umeupa mpunga wako nafasi ya kufunga kivuli, na SARO 5 inahitaji nafasi hiyo kwa sababu ni fupi, haiwezi kujitetea kwa urefu kama Supa.

Kama ulipandikiza kwa mistari, azima kile kipalilio cha kusukuma kwa mkono chenye meno ya kuzunguka. Kwenye maji kidogo kinakwenda haraka, kinafukia magugu madogo kwenye tope. Kama ulipandikiza ovyoovyo, hakitapita.

Jambo ambalo halisemwi dukani ni maji. Dawa hizi za kupiga juu ya majani zinataka jani lionekane. Gugu lililozama halipati kitu. Kwa hiyo unashusha maji hadi sehemu kubwa ya gugu iwe nje, unapiga, halafu ndani ya siku moja hadi tatu unarudisha maji na kuyashikilia kama wiki, kina cha sentimita tano hivi. Maji yanayorudi ndiyo yanayozuia kizazi kipya cha magugu kuota. Mwenye skimu ya umwagiliaji anafungua na kufunga. Sisi wa majaluba ya mvua tukifungua kingo tumeyaaga, na mbuga ikikauka inapasuka nyufa na kila mbegu ya gugu iliyolala inaota. Mimi nashusha kidogo tu kwenda jaluba la chini ambalo bado sijalipiga, tena siku ambazo mawingu yanajikusanya upande wa ziwa lakini asubuhi ni kavu. Dawa inahitaji saa kadhaa bila mvua, lebo itakuambia ngapi. Kingo zikague kabla, ziba matundu ya panya na kaa. Jaluba linalovuja linapoteza maji, linapoteza urea, na linapeleka dawa yako kwa mwingine.

Kuhusu kipimo. "Vifuniko viwili kwa bomba" si kipimo. Pima kipande cha mita 10 kwa 10. Jaza bomba maji matupu, kipige kwa mwendo wako wa kawaida, kisha angalia umetumia lita ngapi. Tuseme mbili. Ekari ina vipande kama 40 vya namna hiyo, kwa hiyo unahitaji lita 80, sawa na mabomba matano ya lita 16. Kama lebo inasema nusu lita ya dawa kwa ekari, gawa kwa tano: mililita 100 kwa bomba. Umepata. Mtu mwingine akipiga, mwendo wake ni tofauti, apimwe naye. Na hakikisha ekari yako ni ekari, maana hatua 70 kwa 70 za mtu mrefu na za mtu mfupi zinatoa mashamba mawili tofauti. Nozeli iwe ya mkato bapa, siyo ile ya duara tunayopulizia wadudu wa pamba. Ile ya duara inatoa ukungu mwembamba unaopeperuka.

Hapo hapo kwenye bomba: bomba la dawa ya magugu liwe lake peke yake. Lipake rangi, liandike, mtu asiliazime kwenda nalo kwenye pamba. Mabaki ya 2,4-D kwenye mpira na kwenye kichujio yanatosha kuharibu pamba hata baada ya kuoshwa kwa maji mara kadhaa.

Mwingine kwenye maoni amependekeza propanili. Ni dawa nzuri ya nyasi ndogo, lakini watu wa huku tuna hatari moja ya pekee. Mpunga haufi kwa propanili kwa sababu una kimeng'enya kinachoivunja. Dawa za wadudu za jamii ya ogano-fosfati na kabamati, kama klorpirifosi na profenofosi, zinakizuia kimeng'enya hicho. Kama ulipiga bungua wa shina kwa mojawapo ya hizo, kisha ukaja na propanili ndani ya wiki mbili, mpunga wako utaungua pamoja na magugu. Vivyo hivyo ukianza na propanili. Siku 14 kabla, siku 14 baada. Andika tarehe kwenye daftari. Na dawa za mahindi zenye atrazini zilizobaki stoo, ziache kwa ajili ya mahindi.

Mwakani mambo yawe mepesi kwako kama utaanza mapema. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, usikimbilie kulima na kupanda siku hiyo hiyo. Acha magugu yaote, yawe kijani, kisha yaue kwa glaifosati au yavuruge kwa plau ya ng'ombe, ndipo uvuruge tope na kupandikiza. Maji ya kuchanganyia glaifosati yawe masafi. Ukichota maji ya tope kwenye lambo, udongo unaikamata dawa na unapiga maji matupu ya gharama kubwa. Ipe wiki moja hadi mbili ifike mizizini kabla ya kulima. Ukishapandikiza, jaluba likae na maji, palizi ya kwanza isipite wiki ya tatu na ya pili isizidi wiki ya sita au saba. Urea iingie baada ya palizi, kamwe si kabla. Na usitumie dawa ya kundi moja miaka yote. Bispiribaki na penoksulamu zina majina tofauti na chupa tofauti, lakini zinaua kwa njia ile ile, kwa hiyo kubadilisha moja kwa nyingine hakuzuii magugu kuwa sugu. Wanaofuatisha dengu kwenye unyevu wa mbuga baada ya kuvuna wasome pia lebo inasema nini kuhusu zao linalofuata.

Kununua: chupa iwe imefungwa, iwe na namba ya usajili ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020, na tarehe ya kuisha isomeke. Dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda usinunue. Niliwahi kuuziwa hivyo duka moja mjini, na dawa ile haikugeuza rangi hata ya kongwe. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba chupa ya soda yenye dawa ikiwekwa uvunguni, mtoto anainywa. Kuna dawa za magugu, parakwati mojawapo, ambazo mtu akinywa kidogo tu hakuna dawa ya kumwokoa hospitalini. Madumu matupu suuza mara tatu, maji yake yarudishe kwenye bomba, kisha toboa dumu. Nimekuta madumu ya namna hiyo yakichotewa maji ya kunywa, na kila ninapoyakuta nayatoboa mwenyewe, mwenye nyumba akasirike.

Vijana wanaopiga dawa peku kwenye tope, miguu ina mikwaruzo, wavalishe buti na suruali ndefu, na mwenye kupiga apige akirudi nyuma huku akiweka upepo mgongoni, asitembee ndani ya dawa aliyoimwaga. Kama huwezi kununua buti kwa ajili ya mtu anayekupigia, ongeza kibarua wa kung'oa badala ya dawa.

Na maji yetu yote yanaishia ziwani. Butaklori na pendimethalini, nazo dawa za magugu, ni sumu kali kwa samaki. Jaluba ulilolipiga dawa lisifunguliwe kwenda mtoni kabla ya siku zilizoandikwa kwenye lebo, na bomba lisioshwe kwenye lambo ambalo ng'ombe wanakunywa. Maji ya mafuriko yanapoingia majalubani na kambare wamo, watoto huwavua kwa mikono. Wiki ya dawa wazuie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka shughuli zinazoweza kuharibu mazingira zikae mita 60 kutoka ukingo wa ziwa na mto, na kwa dawa hizi mimi naona hata mita 60 ni karibu pale mteremko unapoelekea majini.

Ndugu yangu, kesho asubuhi kabla hujaenda dukani fanya mambo mawili: pasua yale mashina, na uchukue picha za magugu yaliyong'olewa pamoja na mizizi, moja ya kiungio cha jani kwa karibu. Ziweke hapa, utuambie pia kina cha maji kwenye majaluba ya juu na ya chini, na kama ulishapiga dawa ya wadudu mwezi huu. Tukijua hayo tunaweza kukuambia jaluba gani lipigwe na lipi lipaliliwe. Kama afisa ugani wa kata yako anapatikana, mwite aone na yeye. Na jirani mwenye pamba mpe taarifa kabla ya kupiga dawa yoyote ile.